Jeraha la Mama Mkwe

Dionis, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya Lusu, aliingia kwenye usaili wa chuo cha waganga wasaidizi na jibu alilolikariri kama katekisimu. Nafasi ilikuwa moja tu. Alipoinua macho, kando ya Bwana Daktari aliyewasaili alikaa Mzee Lugembe wa baraza la mtemi, baba wa mkewe.

"Tuambie mgonjwa uliyemhudumia akakufunza jambo," Daktari alisema.

Dionis akaanza na mtoto wa degedege aliyepona.

"Huyo mtoto nimemsikia tangu asubuhi," Daktari akamkatiza. "Nataka wako."

Wake alikuwepo. Kiangazi kilichopita uji wa moto ulimmwagikia mama mkwe pajani, na muuguzi wa kike alikuwa amekwenda matangani. Haya, mkwe ambaye ukikutana naye njiani unajitupa porini apite, leo umshike paja! Yule mama alilia kwa aibu kuliko maumivu. Dionis alimtibu mpaka akapona, akaapa kwamba neno halitatoka. Lugembe mwenyewe aliambiwa ni kazi ya yule muuguzi.

Akilisema hilo, nafasi ni yake. Na mzee anamtazama.

"Tunangoja," Daktari alisema.

"Yupo, Bwana. Lakini hakuniruhusu nimtaje."

"Acha jina. Simulia ugonjwa."

Lusu ni ndogo. Ukisimulia ugonjwa umemtaja mtu.

"Alinifunza kwamba mgonjwa anaweza kuuogopa mkono unaomtibu kuliko kidonda chake."

"Kidonda gani? Kwa nini auogope?"

"Siwezi kusema, Bwana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Aingie mwingine."

Nje, Dionis alijilaani. Mjinga gani anafunguliwa mlango akaurudisha mwenyewe? Mchana Lugembe akatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamemchukua kijana wa Mtendeni."

Dionis alitaka kujikaza, machozi yakamshinda. Mzee akakaa karibu naye, akangoja yaishe.

"Mama yenu aliposikia nitakuona huku, alinituma nikwambie ahsante. Nikamuuliza ahsante ya nini, akanyamaza. Nikakasirika, nikasema nikirudi atanieleza."

Akasimama, akakung'uta kanzu yake.

"Baada ya niliyoyasikia mle ndani, sitamuuliza tena. Twende ukale, mwanangu."