Mikono Iliyobaki Jikoni

Vipande vya chokoleti na korosho havitaki haraka. Unavuruga siagi na sukari, unatia unga, unasugua kwa ncha za vidole mpaka uwe kama mchanga wenye unyevu, halafu unaukandamiza kwenye trei kwa kiganja mpaka kona zote nne zijae. Unaoka dakika kumi na tano. Huku nyuma unayeyusha chokoleti kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji ya moto, unaichanganya na maziwa mazito ya kopo, unamwaga juu, unanyunyiza korosho zilizokatwakatwa, unarudisha ovenini. Mpiga pasi alikuwa amefanya hivyo kila Jumamosi alasiri kwa miaka kumi na saba. Jumamosi moja, alipofika kwenye kukandamiza, vidole vilikataa kunyooka, akamalizia kwa ngumi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Siku sita za wiki alikuwa kazini, kwenye kampuni ya kufua nguo iliyo nyuma ya gereji, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Siku ya saba walikuja watu wa mumewe: mama mkwe, wifi mkubwa na mume wake, wifi mdogo, na mashemeji wawili ambao hawajawahi kukosa hata Jumapili ya mvua. Wanakaa sebuleni. Mpiga pasi anaingia na sinia, anatoka na sinia, anarudi na chai, sukari imekwisha, maji ya kunywa yako wapi, hebu funga hilo dirisha. Akimaliza, vipande navyo vimekwisha. Vikibaki viwili vitatu, vinafungwa kwenye karatasi, vya mama mkwe kunywea chai ya Jumatatu.

Yeye alikuwa analamba kisu. Anakata vipande, anasimama pale kwenye sinki, anapitisha ulimi ubapani. Kwa hiyo tusidanganyane: vile vipande hakuvijua. Alichokijua ni kisu.

Jumatatu alikwenda zahanati. Daktari aliibonyeza mikono, akaikunja, akaikunjua, akaandika.

"Mikono hii imechoka, mama."

"Hata mimi."

"Wewe sijakupima. Mikono ipumzike wiki tatu."

Wiki tatu! Alicheka njia nzima mpaka watu wakampisha. Yeye hakuwa na tamaa ya wiki tatu. Alitaka Jumapili moja tu, akae kitini sebuleni, ale kipande kizima cha katikati ya trei, na chai aletewe na mtu mwingine. Hilo tu. Alilitaka kwa namna ambayo hata yeye ilimtia aibu, maana mtu mzima hatakiwi kulilia kitu kitamu.

Alimweleza mumewe, dereva wa lori la maziwa, wakati anavua viatu. Dereva alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa amechoka kwa zamu zake.

"Si mbaya," alisema. "Mwambie mama."

"Mama ni wako."

"Mama ni wangu, jiko ni lako."

Basi akapiga simu mwenyewe. Mama mkwe alimpa pole nyingi, akamuuliza kama amejaribu maji ya moto yenye chumvi, kisha akasema, "Lakini mwanangu, nani amekukataza kupumzika? Pumzika! Ila Jumapili hii mchumba wa wifi yako mdogo anakuja kutuona. Nimeshamsifia vile vipande vya nyumbani kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwenyeji yupi atapona, hakusema.

"Nilitaka Jumapili hii nikae, mama. Nile kama watu."

"Utakaa. Ukishamaliza, utakaa."

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, mpiga pasi aliamka akajikuta ameishia kwenye vifundo vya mikono. Hakukuwa na damu wala maumivu. Ngozi ilikuwa imejifunga vizuri kwa mviringo, kama ncha ya mkate. Aliikuta mikono jikoni. Wa kushoto ulikuwa umeshika bakuli, wa kulia unachambua korosho, mbovu huku, nzima kule.

"Kazini mnakwenda au hamwendi?" aliiuliza.

Mkono wa kulia ulisita kidogo, ukatupa korosho moja mbovu, ukaendelea.

Dereva aliingia akitafuta chai. Akatazama meza, akamtazama mkewe.

"Umeacha mikono."

"Imeniacha."

"Basi angalau vipande vitapatikana," dereva akasema, na akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamfunga mkewe vifungo vya gauni, akaruka kimoja katikati, akamfungulia mlango.

Kazini, msimamizi alikuwa getini na daftari lake la waliochelewa.

"Umekuja bila mikono."

"Imebaki nyumbani. Ina kazi."

"Ruhusa inaombwa siku mbili kabla." Akamsogezea fomu. Mpiga pasi akaitazama fomu, fomu ikamtazama, mwishowe msimamizi akaichukua na kuandika mwenyewe: *amefika pungufu*. Walimsimamisha mwisho wa mstari atazame madoa kwenye mashuka yanayopita. Madoa hayahitaji mikono, yanahitaji mtu wa kusimama tu.

Mwenzake wa meza ya tatu alimtania. "Una bahati wewe. Yangu ikibaki nyumbani italala tu, mivivu kama mwenyewe."

Saa tisa alirudi. Nyumba nzima ilinukia siagi na chokoleti tangu ngazini. Trei ilikuwa dirishani inapoa, kona zote nne zimejaa, korosho zimesambazwa sawasawa kuliko siku zote. Ilipopoa, mikono ilipasha kisu kwenye maji ya moto, ikakifuta, ikakata mstari wa kwanza, ikakipasha tena, ikakifuta tena. Vipande ishirini na vinne, pembe zote zimesimama. Mpiga pasi alisimama sinkini akisubiri zamu yake. Mikono ilifungua bomba, ikakiosha kile kisu kwa sabuni, pande zote mbili, ikakianika.

Mikono haina ulimi, bila shaka. Lakini jambo hilo lilimuuma kuliko vifundo. Alikwenda kukaa kitandani na akalia kidogo, machozi yakakaukia usoni kwa sababu hapakuwa na cha kuyafutia. Halafu akajituliza. Kesho atakaa. Kesho hana hata kisingizio cha kusimama.

Jumapili walifika saa nane, wote, pamoja na mchumba wa wifi mdogo, mfamasia mmoja mpole aliyevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Mama mkwe alimkagua mpiga pasi kuanzia juu mpaka chini, akagota kwenye vifundo.

"Haya sasa, si umepata ulichotaka? Kaa, mwanangu. Kaa na sisi."

Akakaa. Kiti kilichobaki kilikuwa kile cha karibu na mlango wa jikoni, ambacho miaka yote huwekwa mikoba ya wageni. Kilikuwa kigumu na mguu mmoja ulikuwa mfupi, lakini jamani, kilikuwa kiti. Alinyoosha miguu. Alikuwa na furaha, nayo ilionekana wazi usoni.

Mikono ikatoka jikoni kupokea mikoba. Haikutambaa wala kurukaruka. Ilikwenda hewani, kwenye kimo kile kile ambacho ingekuwa nacho kama mwenyewe angekuwa amesimama nyuma yake. Ikapokea mkoba wa mama mkwe, ikauweka kwenye kiti cha mikoba. Ikapokea wa wifi mkubwa, wa wifi mdogo, na koti la mfamasia likakunjwa vizuri likawekwa juu. Mpiga pasi akawa na mikoba mitatu na koti mapajani, na kwa kuwa hakuwa na cha kuiondolea, akaiacha ikae tu.

Mfamasia alinyoosha mkono amsalimie, akaona hakuna cha kushika. Akageuka, akaungoja mkono wa kulia utue birika, wakasalimiana.

"Mikono mizuri hii," alisema. "Mmeitoa wapi?"

"Ya hapa hapa nyumbani," mama mkwe akajibu. "Mwaka wa kumi na saba huu. Haijatuangusha hata siku moja."

Sinia likaanza kupita. Mama mkwe, kimoja, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mfamasia, kimoja, akafumba macho alipokiuma. Mashemeji, wifi mkubwa na mumewe, wifi mdogo, dereva. Wakasifu. Wifi mkubwa, aliyekuwa ameketi karibu kabisa na mpiga pasi, alisema wiki hii siagi imeingia barabara, na kwa kusema kwa mikono kama kawaida yake akamwaga chembe mpaka kwenye sketi ya wifi yake.

Sinia likafika kwa mpiga pasi. Alikuwa amejiandaa. Alifungua mdomo. Mikono ikasimama mbele yake, ikanyoosha mkanda wa mkoba uliokuwa unateleza, ikapita.

Mazoea yana taabu. Kwa miaka kumi na saba ile mikono ilikuwa imebeba sinia kutoka jikoni mpaka sebuleni, na haikuwahi kumkuta mtu wa kupewa kwenye kiti kile.

"Jamani, na mimi," akasema.

"Mikono ni yako, wifi, unatuuliza sisi?" wifi mkubwa akacheka. "Iambie!"

Akaiambia. "Nileteeni kimoja."

Mikono iliyajua maneno yaliyosemwa sebuleni, lakini sauti ile ilikuwa haijawahi kuagiza kitu humo ndani. Ikaenda jikoni kwa haraka, ikarudi na sukari. Watu wakacheka sana, hata mfamasia, na kicheko hakikuwa kibaya. Kikapita kikombe cha chai, nacho hakikumfikia.

Mzunguko wa pili ulikwenda vile vile. Mpiga pasi alimwinamia mumewe upande wa pili, akasema polepole ili asimwaibishe, "Nilishe basi kimoja."

"Subiri nimalize hiki," dereva akasema, mdomo umejaa. "Vidole vyangu vimejaa chokoleti."

Akasubiri. Alikuwa na uzoefu wa kusubiri kuliko mtu yeyote mle ndani. Mzunguko wa tatu ukapita. Dereva akamaliza cha tatu, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye leso, kwa uangalifu, maana alikuwa amedhamiria kweli kumlisha mkewe. Akageukia sinia. Watu wanane, vitatu vitatu.

"Ah," akasema. "Vimekwisha." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Lakini vilikuwa vitamu, mke wangu. Hongera."

Saa kumi na moja wakaaga. Kila mwenye mkoba aliuchukua mapajani mwa mpiga pasi, mfamasia akachukua koti lake, na kila mmoja akaiambia mikono ahsante. Mfamasia alisema sasa anajua anaoa nyumba ya namna gani. Wifi mdogo alifurahi mpaka akakosa pa kutazama. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Umeona?" akasema. "Si umepumzika? Kukaa na watu raha, eh?"

"Sijala, mama."

"Jumapili ijayo," mama mkwe akasema, akampigapiga goti kwa upendo. Halafu akainua uso, akaigeukia mikono iliyokuwa inakusanya vikombe. "Na ninyi, mwongeze korosho kidogo."

Mlango ukafungwa. Dereva akajilaza kwenye kochi, dakika mbili hazikufika akaanza kukoroma. Mpiga pasi akabaki kitini. Mapaja yalikuwa mepesi sasa, na kwenye kitambaa cha sketi, kando ya palipokuwa na mkoba wa wifi mkubwa, kulikuwa na chembe kama sita za chokoleti, na nusu ya korosho. Nusu nzima, iliyokaangwa vizuri, rangi ya dhahabu. Alitazama mlango. Akainama. Mgongo wa mtu anayesimama siku sita haukunjiki kirahisi, lakini aliusukuma, akatoa ulimi, ikabaki nafasi kama ya upana wa vidole viwili kuifikia korosho.

Mikono ikatoka jikoni na kitambaa chenye maji. Ikafuta meza. Ikafuta viti, kimoja baada ya kingine, kama kila Jumapili. Ikafika kwenye kile cha mwisho, ikafuta sketi, ikazikusanya chembe zote kwenye kiganja cha kushoto pamoja na ile nusu korosho, ikaenda kuzimwaga kwenye ndoo ya taka. Halafu ikarudi, ikainyoosha sketi pale ilipojikunja, ikaenda kuosha trei.