Kombe la Wilf

Ndege ya mabomu ilipita juu ya shamba la akina Thackray, huko Yorkshire, chini kiasi kwamba kondoo walitawanyika na nguo alizoanika Hester zikapeperuka. Hester hakuhitaji kuuliza. Rubani alikuwa mwanawe, Wilf, na kuruka chini namna ile, hata wakati wa vita, kungemponza kwa wakubwa wake.

Mumewe, Amos, alitukana mpaka koo likamkauka. Huyu ndiye mwamuzi wa mashindano ya kulima kwa plau, aliyemnyima mwanawe kombe mbele ya kijiji kizima, eti mstari wake ulipinda kidogo karibu na mti wa miiba.

Mchana akaja ofisa wa jeshi la anga. "Mzee Thackray, uliiona namba ya ndege ile?"

"Ndege ipi?"

"Mzee, kondoo wako wamejaa barabarani."

"Hao wana wazimu tangu enzi za baba yangu."

Ofisa alipokwenda zake, Hester akamgeukia mumewe. "Si ulisema utamchuna ngozi?"

"Na nitamchuna." Amos alikuwa bado anatazama shamba. "Lakini ulimwona alivyopita? Toka langoni mpaka ukutani, sambamba na mistari yangu. Hata kwenye mti wa miiba hakupinda."

Akaingia ndani, akatoa kabatini kombe aliloshinda yeye mwenyewe ujanani, akalifuta kwa mkono wa shati na kuliweka chini ya picha ya Wilf.

"Akija likizo," alisema, "mwambie umeliweka wewe."