Jogoo wa Mbonigaba

Uwamwezi alikuwa akichagua maharage mbele ya jiko lao huko Bihambwe, mahali pale karibu na ukuta ambapo réseau ya mtandao hufika, simu ilipoita. Alikuwa kaka yake Mbonigaba, anayecheza mpira Amerika. Alisema amevunjika mfupa wa mguu, chini kidogo ya goti. Uwamwezi akauliza ni mguu upi. Wa kushoto. Akaweka ungo chini, akaenda kutafuta jogoo.

Kazi hiyo aliachiwa na bibi yao Nyirabagenzi, aliyeunga mifupa ya watu wa milima ile mpaka alipofariki. Muntu akivunjika, muungaji humtafuta jogoo, humtajia sikioni jina la mgonjwa, kisha humvunja mguu uleule. Halafu humkanda kwa mafuta ya ng'ombe na kumfunga vipande vya mwanzi kwa kamba ya mgomba. Siku jogoo atakapotembea, mgonjwa naye hutembea. Jogoo huyo haliwi wala hauzwi. Uwamwezi aliacha shule alipomaliza la sita, na tangu hapo mikono yake ndiyo iliyosoma.

Mpira wa Mbonigaba si huu ambao vijana wa Bihambwe hucheza kwa miguu. Ule ni mrefu kama papai, hubebwa mikononi, na anayeubeba huangushwa. Mbonigaba hakuwa mbebaji. Yeye alisimama mbele akipigwa ili mbebaji asiguswe. Alikuwa ametoka nyumbani akiwa mtoto mwembamba, akapitia kambi ya Uganda pamoja na shangazi yao, ndege ikawachukua, na wazungu wakamlisha mpaka akawa mpana kama mlango wa kanisa. Mama yao, Claudette, alipoulizwa na majirani mwanawe anafanya nini huko, alijibu kwamba anafanya kazi ya ukuta.

Waganga wa Amerika walikuwa wamesema mfupa utachukua miezi. Jogoo alisimama kabla maharage hayajatoa maua. Siku hiyohiyo Mbonigaba aliteremka kitandani. Daktari wa équipe yao ya mpira alipiga picha ya mfupa, akaiangalia, akaipiga tena, akasema Jumapili atacheza. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kule, anayesimama amepona.

Uwamwezi alimkumbusha neno la bibi, kwamba aliyeanguka kutoka kwenye mti, akishaungwa, asiupande mti ule tena. Mbonigaba akacheka.

"Dada, ule muti njo kazi yangu. Nikishuka, kuko mwingine hapo chini, amesha vua viatu anangojea apande."

Bibi hakuwa amesema ni nini kitatokea kwa atakayerudi, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi. Ilionekana Jumapili ileile, saa ya chakula cha jioni. Jogoo alitoka pembeni alikolala, akasimama mbele ya mafiga, akatanua mabawa na kuinamisha kichwa. Kisha akarushwa chali bila mtu kumgusa. Akainuka, akasimama palepale, akarushwa tena. Mama Claudette akasogeza sufuria ya bugali isimwagike. Kuanzia hapo, Jumapili walisonga bugali mapema.

Kila mwisho wa mchezo Uwamwezi alimchukua jogoo mapajani na kumpapasa. Kidole kilichopinda alikinyoosha. Ubavu uliovimba aliukanda. Asubuhi Mbonigaba alituma sauti kwenye simu akisema kidole kimerudi, asante. Wenzake walimwona kuwa muntu wa chuma, na entraîneur, mwenye kupanga nani acheze, akaanza kumwacha uwanjani hata pale ambapo wengine walipumzishwa.

Msimu ulipofika katikati, jogoo alianza kuinuka akiwa amegeukia ukuta. Alidonoa majivu akidhani ni mahindi. Aliwika adhuhuri. Jioni kuku wengine walipoingia kulala, yeye alizunguka nyumba akipita mbele ya mlango wao bila kuujua, mpaka Uwamwezi alipombeba. Alimpapasa mguu, mbavu, bawa. Vyote vilikuwa vizima. Alipofika kichwani mikono ikasimama. Kichwa hakifungwi mwanzi.

Wiki hiyo Mbonigaba alipiga simu, akauliza kama bibi amepona kikohozi. Uwamwezi akamwambia bibi alikufa, na kwamba siku ile Mbonigaba mwenyewe alilia kwenye simu hii.

"Aa," akasema. "Njo vile."

Kesho yake akauliza tena.

Uwamwezi hakumwambia mama. Alisokota kamba ya mgomba, akamfunga jogoo miguu yote miwili, akamlaza ndani ya kikapu karibu na moto. Huko Amerika miguu ya Mbonigaba ikakataa. Walimpeleka kwenye mashine, mashine haikuona kitu. Alilala siku nzima, na siku iliyofuata, na Uwamwezi akamlisha jogoo kwa mkono, punje kwa punje, akiona jicho lake linaanza kumfuata anapotembea. Hapo akaamini kwamba akiachwa alale hivyo mpaka mavuno, kichwa kitajirudia chenyewe.

Mbonigaba hakuwa mjinga, alikulia katika nyumba ileile. Alipiga simu.

"Fungua kuku, dada."

"Hapana."

"Bamesha weka kijana mwingine kwa nafasi yangu. Anafanya mazoezi na chapeo yangu. Nisiposimama Jumapili, niko inje."

"Ukiwa inje utakuwa muzima."

"Muzima wa kufanya nini? Mimi sikusomea kitu. Nilijifunza kupigwa, basi. Mama iko wapi? Mupatie simu."

Mama Claudette aliisikiliza simu kwa muda mrefu, akaja akasimama juu ya kikapu. Alisema mutoto ni mutu mukubwa, anajua maisha yake, na kwamba ukuta ukianguka wenyewe ni afazali kuliko kubomolewa na dada yake. Uwamwezi akauliza kama mama amewahi kuona jogoo akidonoa majivu. Mama akasema ameona, hata alidhani wao wawili wameelewana wasilizungumze. Hakufungua kamba. Uwamwezi naye hakuifungua.

Jumapili jioni walikuwa wanakula. Jogoo akainuka na kikapu chake. Kamba zikakatika, na mfupa wa kushoto ukafunguka palepale ulipokuwa umeungwa, wakausikia wote wawili. Hakulia. Akasimama mbele ya mafiga juu ya mguu ule uliopinda, akatanua mabawa, akapigwa, akainuka. Mama Claudette aliweka mikono yake kati ya moto na jogoo ili asiangukie makaa, na chakula kikapoa. Baadaye walielewa kwamba kule walimchoma sindano, moja kwenye goti na nyingine mgongoni, na miguu ikasahau kwamba imefungwa. Sindano ilipokwisha nguvu ndipo jogoo alipoanza kulia.

Jumanne kadi ya Mbonigaba ilikataa kufungua mlango wa uwanja. Mlinzi alimletea vitu vyake nje ndani ya sachet ya plastiki, akamwambia ni kijana mzuri. Namba ya mgongoni ilivaliwa Jumapili iliyofuata na yule mwingine.

Uwamwezi aliunga mguu mara ya pili. Uliungana, ila mfupi. Mbonigaba sasa anakaa kwa shangazi yao, anatembea akichechemea, na jioni hushindwa kupata nyumba kati ya nyumba zinazofanana za mtaa ule. Uwamwezi akishambeba jogoo na kumwingiza ndani, shangazi hutuma neno kwamba kaka amefika.

Mwanzoni mwa kiangazi alikuja mama mmoja kutoka Lushebere, Mukandayisenga, na jogoo mweupe chini ya kitenge. Mwanawe Hakorimana naye alikuwa Amerika, na équipe moja ilikuwa imemchagua kwa kazi hiyohiyo ya ukuta. Uwamwezi akauliza amevunjika wapi.

"Bado," Mukandayisenga akasema. "Ataanza mwezi unaokuja. Nimeona nimulete mbele ya wakati, nisije nikachelewa sawa wengine."

Uwamwezi akamweleza yote, mti wa bibi, majivu, sindano. Akamwonyesha jogoo wa Mbonigaba, aliyekuwa amesimama akitazama ukuta. Mukandayisenga alimchunguza kwa makini. Alisema manyoya yake bado yanang'aa, inaonekana anakula vizuri. Kisha akauliza huyu wake atafungwa wapi.

Mama Claudette akaleta maji ya kunywa. Uwamwezi akampokea jogoo mweupe, akampapasa mapaja na mabawa, akasema ni jogoo mwenye nguvu.

Mukandayisenga akafurahi. Akasema huko nyumbani amebakiza wengine wawili wa uzao huohuo, ni wa wadogo zake Hakorimana, ila bado wanakua.