Rejeta ya Gari la Wagonjwa

Fundi alilala chali juu ya boksi lililochanwa, chini ya gari la wagonjwa, akingoja lidondoshe. Gari linalovuja maji halitaki pupa. Ukilikimbilia litakuonyesha tone lilipoangukia, si lilipotokea, kwa maana maji hutambaa juu ya chuma, yakazunguka injini, yakaja kudondokea upande wa pili. Wengi wamebadilisha pampu nzima ya maji kwa kosa la mpira mmoja.

Alijivuta nje, akaondoa kifuniko cha rejeta na kuweka kingine, cha kwake mwenyewe, alichokichomelea valvu ya baiskeli. Akajaza upepo kwa pampu, kisha akapaka povu la sabuni kila kiungo. Pale mpira wa chini unapoingia kwenye injini, mapovu yakaanza kufura. Akapabonyeza kwa kidole. Mpira ulikuwa umechanika kwenye mkunjo. Rejeta yenyewe ilikuwa nzima, mpya kabisa, iliyokuja baada ya kuombwa mwaka mzima. Alitoa mpira ule, akafunga mwingine, akajaza upepo tena. Safari hii sabuni ilitulia.

"Limepona?" aliuliza dereva wa gari hilo, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu.

"Limepona. Kesho asubuhi kawachukue watu wako."

Watu wake walikuwa wagonjwa wa figo. Gari hilo ndilo lililowavusha milima hadi hospitali kubwa ya mji wa pili, wakasafishwe damu. Mmoja wao alikuwa dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Safari iliyopita haikufanyika kwa sababu ya mpira ule, na sasa miguu ya dada ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Daktari alishasema, akikosa na ya kesho, wasije wakamlaumu mtu.

Hawajamaliza hata kukusanya spana, gari la mkurugenzi likaingia likifuka mvuke. Meneja wa karakana alitangulia mbele akipunga mikono, akilifungulia njia kama anayempokea bibi harusi. Fundi alifungua boneti. Hapa hapakuhitaji sabuni. Tangi la plastiki la juu ya rejeta lilikuwa limepasuka kutoka upande huu hadi upande ule.

Magari hayo mawili yalikuwa mapacha. Yaliletwa kwa meli moja, msaada, yote mawili ya kubeba wagonjwa. Moja lilitolewa kitanda, likawekewa viti vya ngozi na mapazia, likawa la mkurugenzi. Injini haikubadilishwa.

Meneja alilitazama hili, akalitazama lile.

"Hamisha," alisema.

"Bosi, lile linaondoka kesho na wagonjwa."

"Na hili linaondoka leo na mkurugenzi. Ana mkutano."

"Mkutano wa nini, bosi?"

"Wa afya."

Fundi aliifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Si wangemnunulia nyingine? Rejeta zipo madukani."

"Wewe ni fundi au mhasibu?" Meneja hakupaza sauti, hakuwa na haja. "Nimwite mmoja wa wale wanaoshinda pale getini wakiomba kazi, aje akuonyeshe jinsi ya kufungua bolti nne?"

"Dada yangu husafiri na gari lile."

Hapo meneja akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Aisee, pole," alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Mfikishie salamu. Anza na bolti za chini, zile za juu huwa rahisi."

Katika karakana ile, kutoa kifaa cha gari moja ukakitia katika jingine kuliitwa kunyonya, na gari lililonyonywa liliitwa mama. Nyuma ya choo walipangwa akina mama wengi, wamebaki maganda. Na ilikuwa desturi, mtu akitaka kunyonya, kwanza apige boneti makofi mawili na kusema, "Samahani, mama," wenzake wacheke, ndipo kazi ianze. Fundi alipiga makofi mawili. Samahani haikutoka.

Aliingoja hasira ije. Aliiona mbali kidogo, kama basi lililozimika njiani, lakini haikusogea. Mikono ilifungua bolti kama ilivyozifungua siku zote, tena vizuri, bila kuharibu jino hata moja. Jua lilikuwa bado halijazama gari la mkurugenzi lilipotoka getini, limetulia, halitoi hata jasho.

Alibaki na rejeta iliyopasuka. Aliikausha, akakwangua ufa kwa msasa, akaupaka gundi ya chuma, akakandika juu yake kipande cha bati na kuifunga katika gari la wagonjwa.

"Litafika?" aliuliza dereva.

"Kifuniko usikikaze. Ukikikaza, presha itapasua gundi. Kiache kimelegea, lipumue. Ila likipumua hivyo litachemka upesi na maji yatapotea, kwa hiyo sindano ya joto ikianza kupanda, simama. Lipoe kwanza, ndipo uongeze maji. Ukilifungua la moto litakubabua uso."

"Milima yote ile?"

"Milima yote ile."

Dereva alitema mate. "Aliye juu mngoje chini, tuliambiwa. Mimi nimemngoja mpaka nimeota mizizi."

Asubuhi dada alikuja ameshika bega la fundi, amevaa ndala za mume wa mtu, kama alivyosema mwenyewe, maana zilikuwa za fundi na mkewe hakuambiwa. Alicheka peke yake, kisha akapumzika kupata pumzi. Gari lilikuwa limejaa. Wagonjwa walikuwa wamekaa magoti juu, kwa sababu sakafu nzima ilikuwa madumu ya maji.

"Umelitengeneza wewe mwenyewe?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe, dada."

"Basi sina wasiwasi."

Fundi alifungua mdomo. Akampandisha, akamkalisha karibu na mlango, akaufunga mdomo.

Lilibaki dumu moja ambalo halikuwa na pa kukaa, tena halikuwa na kifuniko. Dereva alizunguka nalo gari zima. "Lete nilipakate," dada akasema, na akalipokea juu ya mapaja.

Yeye daktari alimruhusu kikombe kimoja cha maji kwa siku. Cha siku hiyo alikuwa ameshakimalizia kwenye vidonge.

"Dada, hayo ni ya gari," dereva alimwambia akiwasha injini.

"Najua, baba. Endesha."

Gari liliondoka polepole. Lilipoingia shimo la getini, maji yaliruka kutoka mdomo wa dumu, yakamlowesha dada mkono mpaka kwenye kiwiko. Fundi alimwona akiutazama mkono ule. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Aliutazama kwa muda, kisha akaupangusa kwenye gauni, akauweka juu ya mdomo wa dumu, yasimwagike mengine.