Mdomo wa Mpwa

Darasa la Kiarabu cha ngazi ya kati lilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, ghorofa ya pili, katika chumba chenye viti ishirini na feni iliyozunguka ilipojisikia. Mwanzoni mwa muhula mwalimu alipitisha fomu ya wenza wa mazungumzo. Mama Pasi, aliyeitwa hivyo kwa sababu asubuhi alipiga pasi mashuka ya hoteli, alichelewa robo saa na kukuta imebaki nafasi moja tu, kando ya mpwa wa mkuu wa idara. Akatia sahihi bila kusoma.

Wiki ya pili mwalimu alimwambia aeleze alivyokwenda kwa daktari. Alikuwa amejiandaa siku tatu, akirudia sentensi juu ya mvuke wa pasi. Akajibu, na jibu lote likatokea kinywani mwa Mpwa, kwa sauti ileile ya Mama Pasi yenye mkwaruzo, huku Mpwa akitafuna kifuniko cha kalamu. Mwalimu akampa Mpwa tisa kwa kumi. Moja aliikata kwa ajili ya kifuniko.

"Mwalimu, hayo ni maneno yangu," alisema Mama Pasi. Kiswahili chake hakikuhama.

"Nimesikia. Lakini mimi naandika mdomo uliosema. Wewe leo hujasema kitu."

"Basi nibadilishie mwenza."

"Fomu imeshapelekwa juu. Na usinipandishie sauti."

Juu ndiko alikokaa mjomba mtu.

Tangu siku hiyo alimchukia Mpwa waziwazi. Alichukia viatu vyake, alichukia alivyokuja mikono mitupu bila hata daftari, na alivyomwambia mlangoni, "Leo ongea taratibu, dada, juzi ulinikausha koo." Wanafunzi wengine walisikia yote. Waliinamia vitabu, kila mmoja akishukuru kimoyomoyo kwamba mwenza wake hana ukoo na mtu.

Mama Pasi alikuwa analirudia somo hilo kwa mara ya pili. Hospitali ilikuwa imemwekea kazi ya ukalimani mpaka mwisho wa muhula, kwa sharti moja tu, afaulu mazungumzo. Asipofaulu, atabaki na mashuka yake.

Siku ya mtihani wa mdomo aliamua kufunga bakuli. Maswali kumi yakapita. Mpwa alikaa kinywa wazi, hana hata salamu, na Mama Pasi akaona raha ambayo hakuwa ameionja muhula mzima. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Unamhujumu mwenzio," alisema.

Mtihani ukaahirishwa hadi Alhamisi. Barua ya onyo ikaja ikisema kwamba akinyamaza tena popote pale, kwa nia ya kumdhuru mwenza wake, atafukuzwa chuo. Alhamisi akajibu maswali yote. Mpwa akapata tisini na sita na nafasi ya kusoma ng'ambo mwaka mzima. Mama Pasi akapata sifuri, na hospitali ikamwajiri mtu mwingine.

Saa ya Mpwa kupokelewa huko ng'ambo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Saa hiyo ilipofika, Mama Pasi alisimama mbele ya meza ya pasi akatukana kwa Kiarabu dakika arobaini. Alimtukana mjomba, mwalimu, wenyeji na ndevu zao. Matusi hayo hayakuwamo kitabuni; aliyaokota kwa wageni wa hoteli. Midomo yake ilicheza bila sauti, na mwenzake wa zamu akaendelea kumsogezea foronya.

Baada ya wiki mbili mwalimu alimwita ofisini.

"Wamempenda sana," alisema. "Wanasema hawajawahi kumsikia mgeni anayeijua lugha ya mtaani namna ile. Wamemwongezea mwaka wa pili. Ila asubuhi anakuwa bubu mpaka saa nne, unapowasha pasi na kuanza kusema, na hiyo barua yako ya onyo bado ina nguvu. Huwezi kuanza zamu mapema?"

Mama Pasi alimwambia, kwa Kiswahili, kwamba yeye na idara yake yote wakafie mbele. Mwalimu alisubiri amalize, kisha akaandika saa kumi na mbili.

Jumatatu, pasi ikipata moto, alisalimia kwa adabu mtu asiyemwona, akaomba chai, akaomba mkate, akashukuru kwa niaba ya tumbo la Mpwa. Yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu kinywani.