Wanjira Ashinda Kiti

Jumatatu moja ya mwaka 1957 Wanjira alifunga kibanda chake cha kabichi katika soko la Dagoretti, akanawa miguu, akavaa viatu vya kanisani na kwenda barazani kuchukua kiti chake. Alikuwa amekishinda kwa kura, mwanamke wa kwanza upande ule wote. Mwanamume aliyeshindwa naye alikuwa bado kitandani, anaugua malaria ya aibu.

Wajumbe walikuwa wameketi tayari. Mwenyekiti, Mzee Mungai, tumbo limemtangulia mezani, alimpima kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Mama, kushinda kiti umeshinda. Lakini kiti chenyewe kiko wapi? Hivi vyote vina wenyewe."

"Na kura hupigwa na walioketi," akadakia Haron, karani wake. "Ndiyo sheria."

"Si akalie kabichi!" mtu akasema nyuma. Wakacheka mpaka wakakohoa.

Hoja ya siku ile ilikuwa kuwahamisha akina mama wa mboga, wakauzie kando ya mtaro wa damu wa kichinjio, ili mahali pao pajengwe duka. Duka la nani? La Mungai, la nani tena. Wanjira aliinua mkono akiwa amesimama. Haukuhesabiwa. Hoja ikapita.

Akachukua kikapu chake. Anayeondoka huaga, naye alikuwa amelelewa vizuri. Ila badala ya "kaeni salama," alisema:

"Haya, kaeni."

Hiyo salama akaondoka nayo.

Saa ya chai wanaume waliinuka, na viti vikainuka nao. Walivutana. Suruali ya Haron ikachanika, kumbe kiti kilikuwa kimeshika nyama, si kitambaa. Basi wakanywa chai, wakaenda nyumbani wameinama, kila mmoja na miguu yake sita.

Daktari wa hospitali kubwa kule mlimani aligonga kiti cha Mungai, akasikiliza, akasema hakina ugonjwa; kipakwe vanishi kabla ya masika. Hannah, mkewe Mungai, akatoboa godoro matundu manne ya miguu ya kiti.

Baadaye Hannah akatumwa sokoni.

"Dada, anasema uwaongezee hilo neno la salama. Ni moja tu! Mimi usiku napigwa mateke ya mbao."

"Na yeye aihesabu kura yangu. Ni moja tu."

"Hiyo amekataa."

"Basi dada, vumilia. Mimi huyo simfungui."

Hannah alicheka, akachagua kabichi, akaenda zake.

Uchaguzi uliporudi, watu walijipanga tangu alfajiri kuwaondoa wote. Haron akafungua sheria, akasoma kwa sauti: mjumbe hutoka anapoachia kiti. Hakuna aliyekuwa ameachia. Wajumbe wakapongezana kwa makofi. Wanjira, ambaye hakuwahi kuwa na kiti cha kuachia, ndiye peke yake aliyeondolewa.

Akina mama wakahamia mtaroni. Duka likajengwa, likapakwa rangi ya kijani.

Asubuhi moja Mungai aliteremka mwenyewe mpaka mtaroni kutafuta kabichi. Alipofika mbele ya Wanjira aliketi papo hapo matopeni, akaomba apunguziwe bei. Damu ya ng'ombe ilikuwa ikipita katikati yao. Wanjira hakupunguza. Alizigeuza kabichi moja moja, bila haraka, mpaka akaipata yenye mdudu.