Wake Wenza wa Bwawani

Mimi nilikuwa na wake wenza wasiohesabika, na wote walikaa kwenye bwawa moja pale kiwanda cha kusafisha mafuta. Bakteria! Mume wangu aliwatunza kuliko mimi. Maji machafu ya kiwanda yaliingia humo meusi, wao wakala mafuta, yakatoka meupe kwenda mtoni tunakochota sote. Pampu ziliwapulizia hewa kutwa kucha, bwawa likitokota kama sufuria ya uji. Akichelewa kurudi namwambia si ukalale huko huko kwa wake zako. Anacheka tu, anaingia kuoga, na huko bafuni anajisifu kwamba maji yale kayasafisha yeye. Mdomo wangu huu, jamani.

Asubuhi moja shemeji yangu, mdogo wake aliyefanya naye kazi, alikuja mbio pekupeku. Kidaraja cha juu ya bwawa, kilichooza kwa kutu wafanyakazi wakilalamika mpaka wakachoka, kilikatika na kaka yake akiwa juu. Nikamwambia mbona kuogelea anajua. Akasema maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu, awe hodari vipi.

Bwawani nilikuta pampu zimezimwa, watu wanapapasa kwa kulabu ndefu. Wapi! Tope lilikuwa zito. Mkubwa wao alitaka hewa irudishwe bakteria wasife, maiti itaibuka yenyewe siku yake. Nilimtukana mbele ya watu na sijuti. Njia nyingine ilikuwa kulimwaga bwawa lote, na kulea bakteria wapya ni kazi ya miezi, huku kiwanda hakisimami.

Shemeji alishika koki kubwa ya kulimwagia bwawa, machozi yanamtoka.

"Shemeji, nikifungua, yote haya yanaingia mtoni. Kaka asingekubali."

"Kaka yako hana tena la kusema. Nataka kumzika. Fungua."

Akafungua. Tulimpata chini kabisa, amelala juu ya mabomba, nikashukuru Mungu.

Nyumbani shangazi yake alishuka mtoni kuchota maji ya kumwoshea. Akarudi na ndoo, akaitua mbele yangu. Maji yalikuwa meusi, mafuta yanaelea juu. Akauliza kama ndani yapo mengine. Hayakuwepo, wala kwa jirani.

Tukamwosha kwa hayo hayo. Kila tulipomsugua alizidi kunuka kiwanda.